Miaka Miwili ya Mwalimu

Wenzangu wa rika langu ukiwauliza habari za mwaka 1961 watakusimulia mwenge wa Kilimanjaro na bendera iliyopandishwa Uwanja wa Taifa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba. Hayo nayajua, nilikuwepo. Lakini kinachonijia kwanza ni Alhamisi ya tarehe 30 Novemba, siku chache kabla ya sherehe, pale ukumbi wa Karimjee, Waziri Mkuu, Mwalimu Nyerere, aliposimama kulieleza Bunge kwamba Tanganyika itaifanya nini mikataba yote ambayo Waingereza walikuwa wametia sahihi kwa niaba yetu.

Nilikuwa karani mdogo katika ofisi iliyotayarisha taarifa rasmi za majadiliano, ile tunayoiita Hansard. Walioandika kwa hatimkato ukumbini walikuwa wengine, wenye vyeo na viti. Mimi niliwekwa chumba cha nyuma pamoja na mashine ya kudurufu. Stensili zikishapigwa taipu ziliniangukia mimi: kuzifunga kwenye mashine, kuzungusha mkono, kupanga kurasa, kuzibana. Ni kazi ya kuchafua vidole, lakini ilikuwa na heri yake. Anayedurufu lazima asome kila ukurasa, ajue wino umeshika wapi na wapi haukushika. Mbunge angeweza kusinzia hotuba ikiendelea. Mimi sikuweza.

Tamko lile halikuwa la kusisimua. Hakuna aliyepiga meza kwa nguvu, na magazeti ya kesho yake yalikuwa yamejaa habari za maandalizi ya sherehe. Waingereza walikuwa na desturi yao: koloni likikaribia uhuru, wanaliletea barua litie sahihi kwamba linarithi haki na wajibu wote wa mikataba waliyoifunga wao. Ghana walitia sahihi, Malaya wakatia sahihi, Nigeria nao mwaka 1960. Sisi tukaletewa yetu. Mwalimu akakataa, na akakataa kwa upole ambao mpaka leo naustaajabia. Hakuwatukana Waingereza wala hakusema mikataba yao yote ni takataka. Alisema kwamba kutia sahihi barua ile kungetufunga kwa mambo ambayo hatujayapima, na juu ya hayo kusingetupa haki yoyote mbele ya nchi ya tatu, kwa sababu maafikiano ya Dar es Salaam na London hayawezi kumlazimisha mtu aliyeko Brussels au Cairo.

Basi akaweka muda. Mikataba baina ya nchi mbili itaendelea kutumika kwa miaka miwili tangu siku ya uhuru, mradi nchi ya pili nayo iitekeleze kwetu. Katika miaka hiyo miwili tutaketi na kila mmoja na kuzungumza. Muda ukiisha, mkataba ambao haukuafikiwa upya utahesabiwa umekufa, isipokuwa ule unaosimama wenyewe kwa sheria ya mazoea ya mataifa. Ile ya nchi nyingi itapitiwa mmoja mmoja. Desemba hiyo hiyo maelezo yakapelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Baadaye wanasheria wa dunia waliita jambo hilo Kanuni ya Nyerere. Uganda na Kenya walipopata uhuru wakafuata njia hiyo kwa namna zao, na mkataba wa Vienna wa mwaka 1978 kuhusu nchi zinazorithi mikataba ukalikubali wazo kwamba taifa lililotoka ukoloni huanza na karatasi safi. Sisi wa chumba cha nyuma hatukujua kwamba tunadurufu kitu kitakachosomwa vyuoni. Tulijua tu kwamba nakala zinatakiwa kabla ya saa kumi.

Mjomba wangu, niliyekuwa nikiishi kwake Kariakoo, alikuwa kuli bandarini, na kwake yeye mikataba ya dunia nzima ilikuwa mmoja tu, wa Belbase. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji walikubaliana kwamba Wabelgiji, waliokuwa wakitawala Kongo na Ruanda-Urundi, wapewe eneo lao ndani ya bandari ya Dar es Salaam na jingine Kigoma, mwisho wa reli ya kati, wapitishe mizigo yao bila ushuru. Mwaka 1951 wakaongezeana makubaliano mengine juu ya hayo. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Na muda wa upangaji ulikuwa milele.

Jioni moja ya siku zile nilimwamkia nikakaa naye uani, nikamweleza yaliyosemwa Karimjee. Mjomba hakuwa msomi, alisoma chuoni tu kwa maalim. Akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Hiyo milele Mwingereza aliipata kwa nani, mjomba?" akaniuliza. "Yeye mwenyewe si mpangaji? Mpangaji atampangishaje mwenzake mpaka siku ya kiyama?"

Kwa maneno yenye suti na tai, ndiyo hoja iliyokuwa katika karatasi zangu. Uingereza haikupata kuimiliki Tanganyika. Ilikabidhiwa kuitunza, kwanza na Shirikisho la Mataifa baada ya vita vya kwanza, kisha na Umoja wa Mataifa chini ya udhamini. Aliyepewa kwa muda hana mamlaka ya kutoa kwa milele. Mwalimu aliongeza, na hili mjomba alilipenda zaidi, kwamba hatukusudii kuwafungia njia watu wa Kongo, Rwanda na Burundi. Bahari hawana, na reli ilikuwa inafika Kigoma kabla Mwingereza hajaja. Kilichokataliwa kilikuwa ile hati. Mizigo yao iliendelea kupita kwa maafikiano mapya, na mpaka leo ukisimama barabara ya Morogoro utaona malori yanayoelekea huko.

Kuna mtu mmoja anayestahili kutajwa hapa kwa sababu vijana hawamjui. Earl Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda, aliishi Moshi miaka ya ukoloni na akawasaidia Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili walowezi wapewe ardhi yao. Mwakilishi wao Japhet Kirilo akaenda New York mwaka 1952 kulisemea jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Lakini ninavyoona mimi, ule ndio uliokuwa ufunguzi wa macho: kwamba mkulima wa chini ya Meru anaweza kumshitaki gavana wake kwa dunia nzima, na gavana akalazimika kujibu. Seaton baadaye alikuwa mshauri wa serikali yetu katika mambo ya mikataba na akaandika kitabu kuhusu mambo hayo pamoja na Sosthenes Maliti. Mwalimu naye alifika kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1955. Alikuwa amejifunza mapema kwamba mnyonge akiijua sheria ya mataifa ana silaha.

Silaha hiyo ilitumika tena Julai 1962. Wakati huo Mwalimu hakuwa Waziri Mkuu. Alikuwa amejiuzulu tarehe 22 Januari, akamwachia Rashidi Kawawa, mwenyewe akaenda kuzunguka kukijenga chama chake cha TANU. Lakini kanuni ilikuwa yake. Tarehe 4 Julai serikali iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya mwaka 1929 kuhusu maji ya Nile hayaifungi Tanganyika. Makubaliano yale, waliyobadilishana Misri na Uingereza, yalikataza kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme kwenye mto huo, matawi yake na maziwa unakotoka, katika nchi zilizo chini ya Uingereza, bila Misri kuridhia. Maana yake Msukuma wa kando ya ziwa angehitaji idhini ya Cairo ili serikali yake imchimbie mfereji. Wakati ule hatukuwa na fedha ya mfereji wenyewe, kwa hiyo wengine walicheka. Mwanzoni mwa karne hii, serikali ilipovuta maji ya Ziwa Viktoria kuyapeleka Kahama na Shinyanga, haikwenda kuomba ruhusa. Ilikuwa na barua ya mwaka 1962.

Mwaka 1964, katika mkutano wa Cairo wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Mwalimu akafanya jambo lililotuchanganya baadhi yetu. Ni yeye aliyesukuma azimio kwamba nchi za Afrika ziiheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Barazani Kariakoo mzee mmoja fundi viatu aliuliza mbona Mwalimu anaikataa mikataba ya wakoloni halafu anaikubali mistari yao. Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu aliyopewa. Jibu langu mimi, nililolipata baadaye sana, ni kwamba Mwalimu hakuwa anaipenda mistari ile. Alikuwa anaogopa damu. Mkataba wa bandari ukiuvunja, watu wanaketi kuzungumza; mpaka ukiuvunja, watu wanaketi msibani. Hata hivyo kanuni zake mbili ziligongana Ziwa Nyasa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliupitisha mpaka ufukweni kwetu, kana kwamba mvuvi wa Mbamba Bay akitia mguu majini ameingia nchi ya watu. Tangu mwaka 1967 serikali yetu ikashikilia kwamba mpaka uko katikati ya ziwa, na Rais Banda wa Malawi akaja juu. Mgogoro ule haujaisha hadi leo, na sidhani Mwalimu aliwahi kuupatia jibu lisilo na kasoro.

Kuhusu ushirikiano wa Afrika Mashariki nitasema kidogo, kwa kuwa umeandikwa sana. Mwaka 1960 alitangaza kwamba yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika kama kufanya hivyo kutaziwezesha nchi zetu kuingia shirikisho zikiwa pamoja. Hakuna kiongozi ninayemjua aliyetoa ahadi ghali kama hiyo. Shirikisho halikuja. Mwaka 1967 wakatia sahihi mkataba wa Jumuiya huko Kampala, na miaka kumi baadaye ukavunjika, ndege na mabehewa yakagawanywa kama mali ya talaka.

Lakini siku ambayo ningependa vijana waijue ni tarehe 14 Desemba 1965. Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia mwezi uliotangulia, na mawaziri wa Afrika wakaazimia kwamba Uingereza isipomkomesha kufikia tarehe 15 Desemba, nchi zote huru zivunje uhusiano nayo. Nilikuwa bado Karimjee, nimepandishwa daraja, sasa nasahihisha kurasa badala ya kuzidurufu. Mwalimu alizungumza kama mwalimu kweli, hatua baada ya hatua, akieleza kwa nini Tanzania itatimiza azimio lile ingawa mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza ulikuwa njiani, na ungepotea. Akaeleza pia kwa nini hatutatoka Jumuiya ya Madola: ugomvi wetu ni na serikali moja, na Madola si mali ya Uingereza. Nchi zilizotekeleza azimio zilikuwa chache. Nyingi ziliona bei ni kubwa. Mkopo ukapotea kweli, na uhusiano haukurudi mpaka 1968. Katika maisha yangu yote ya kusoma hotuba za viongozi, sijaona nyingine ambayo mtu anaeleza gharama ya neno lake wazi hivyo kabla ya kulipa.

Ndiyo maana upande wa pili unanisumbua.

Tarehe 14 Desemba 1961, tulipopokelewa Umoja wa Mataifa, Mwalimu alisema mbele ya dunia kwamba Tanganyika italifanya Tamko la Haki za Binadamu kuwa msingi wa siasa yake ya nje na ya ndani. Ya ndani. Na alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba hasemi kwa mzaha. Oktoba ya mwaka huo huo, katika mjadala wa sheria ya uraia, wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Aliwajia juu kwa ukali ambao sikuuona kwake tena. Akawaambia wanafuata dini ya ubaguzi, akawataja Hitler na Verwoerd wa Afrika Kusini, akasema serikali yake itajiuzulu kama Bunge halikubali uraia usiotazama rangi. Muswada ukapita. Mhindi wa Mtaa wa India na Mzungu wa Arusha wakaupata uraia kwa sheria ile ile ya mjomba wangu.

Septemba 1962, chini ya mwaka mmoja tangu siku ya New York, ukumbi ule ule ukapitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Mtu angeweza kufungwa bila kushitakiwa, na mahakama isiweze kuihoji amri yenyewe. Kamati ya ushauri ingelitazama jambo lake ndani ya mwaka, lakini ushauri wake haukuwa lazima ufuatwe. Ndiyo, Waziri Mkuu alikuwa Kawawa. Lakini Mwalimu aliitetea, na akiwa Rais aliitumia. Hati ya haki za raia ilipopendekezwa katika katiba ya jamhuri mwaka 1962 ilikataliwa, na ikakataliwa tena mwaka 1965. Hoja ilikuwa kwamba majaji, wengi wao wageni, wangezitumia haki hizo kuizuia serikali katika kazi ya maendeleo. Ninakiri hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati ule. Haikuwa na uzito huo miaka ishirini na kitu baadaye, hati ya haki ilipoingizwa katika katiba mwaka 1984, Mwalimu akiwa karibu kung'atuka.

Sisemi kwamba Bunge lile lilitunga sheria mbaya tu. Mwaka 1963 lilifuta umiliki wa ardhi wa kudumu, ule ukabaila ulioachwa na Wajerumani, na likaziunganisha mahakama ili Mwafrika na Mzungu wahukumiwe chini ya paa moja. Mwaka huo huo likafuta utemi, na aliyekaa kiti cha Spika alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Akaendesha kikao kwa utaratibu wake ule ule, uso haukubadilika. Mwaka 1971 likaja na Sheria ya Ndoa, iliyoweka ndoa za dini zote na za kimila katika sheria moja, na masheikh na maaskofu wakanung'unika pamoja.

Mjukuu wangu wa kike ni wakili. Alisoma Chuo Kikuu, Mlimani, na huko ndiko alikofundishwa Kanuni ya Nyerere, akaja nyumbani akifurahi kwamba babu yake alikuwa ndani ya jengo siku hiyo. Tulizungumza mpaka usiku. Halafu akaniuliza:

"Babu, mikataba ya Waingereza ilipewa miaka miwili. Na sheria zao je?"

Sikuwahi kulitazama hivyo. Katika kurasa nyingi zilizopita mikononi mwangu sikukutana na mtu aliyeuliza. Sheria za kikoloni hazikupewa muda wowote. Katiba ya uhuru ilisema zitaendelea, nazo zikaendelea. Sheria ya Uhamisho ya mwaka 1921, ambayo gavana aliitumia kumng'oa mtu mkoa mmoja na kumtupa mwingine. Sheria ya Adhabu ya Pamoja ya mwaka huo huo, ambayo kijiji kizima kiliweza kulipishwa kwa kosa la mtu mmoja. Zote mbili zilikuwa bado vitabuni Tume ya Jaji Nyalali kuhusu mfumo wa vyama ilipotoa ripoti yake mwaka 1992 na kuorodhesha sheria 40 zilizotakiwa kufutwa au kurekebishwa. Ya kizuizini ilikuwamo pia, ingawa hiyo hatuwezi kumsingizia Mwingereza. Mbelgiji aliambiwa kwamba hawezi kuwa na haki ambayo mwenye nchi hakuikubali. Mwanakijiji wa Singida hakuambiwa chochote. Aliamka tarehe 10 Desemba chini ya sheria alizolala nazo tarehe 8.

Kuna sababu, na mjukuu wangu alizijua kuliko mimi. Nchi haiwezi kukaa hata siku moja bila sheria ya jinai, na wanasheria Watanganyika mwaka 1961 walihesabika kwa vidole vya mkono. Mikataba ilikuwa michache, sheria zilikuwa mavolyumu. Lakini muda wa miaka miwili haukuwa wa kufuta. Ulikuwa wa kupitia: hii tunaitaka, hii hatuitaki. Hilo lingewezekana, hata kwa miaka kumi.

"Mwalimu angeanza na ipi?" akauliza.

Nikamwambia ya adhabu ya pamoja asingeitetea mbele ya mtu yeyote. Ya uhamisho angesitasita. Ile ya ardhi ya mwaka 1923, iliyoiweka ardhi yote ya nchi mikononi mwa gavana, asingeigusa. Gavana alipoondoka nafasi yake ikachukuliwa na Rais, na sheria yenyewe ikadumu mpaka Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipoiondoa. Bila mamlaka ile asingeweza kuwahamishia watu vijijini mwaka 1974 kama alivyowahamisha, kwao wakiwa na hati au bila hati. Mjukuu wangu akasema Mwingereza alikuwa amemrithisha Mwalimu kitu kimoja alichokihitaji. Nikamwambia ndiyo, na hicho hakukihesabia miaka.